Ripoti kwa Padri Anselme

Padri, kanda iliyokuja na basi kutoka Halifax
nimeitazama mara mbili.
Mara ya kwanza kwa macho ya kamati,
penseli mkononi, miwani puani,
nikichora vijiti kama karani wa magunia:
maiti kumi na moja;
jina la Mungu kutajwa ovyo, mara tatu
(ya tatu sina hakika, upepo ulipiga dirisha);
busu moja, refu kuliko haja;
mchawi mmoja aamshaye wafu kwa moshi,
na wafu wenyewe, wakavu
kama samaki wa chumvi tunaowaanika Julai.

Nje theluji ilikuwa imefika kizingitini.
Fomu ya jimbo ina visanduku vitatu:
Familia Nzima. Watu Wazima. Haifai.
Penseli ilikuwa imekwisha kuelekea cha tatu
niliposikia kochi likipiga chafya.

Placide, mjukuu wangu, miaka tisa,
nyuma ya kochi tangu mwanzo,
soksi moja mguuni, ya pili mdomoni
asije akapiga kelele.

Nilimkaripia. Nikampa maziwa ya moto.
Nikazima taa; akaomba niiwashe.
Nikajisemea: haya ndiyo mavuno, Zénobie,
mashetani umewaleta nyumbani kwa mkono wako,
na kwa gharama ya parokia.

Saa nane usiku akaingia kitandani kwangu,
nyayo baridi kama jiwe la mtoni.
Nilingoja aniulize habari za wafu.
"Bibi," akasema, "kwa nini aliikata kamba?"

Kamba gani? Baba yake hutega kamba-koche,
nikadhani mtoto anaota mashua.

Kumbe ni dakika ya arobaini, Padri.
Ndugu wawili shimoni: mdogo ananing'inia,
mkubwa ameshika kito, kijani,
kinene kama yai la bata.
Anamtazama mdogo wake. Anatabasamu. Kisu.
Halafu tarumbeta, halafu mzaha,
na hadithi inaandamana naye, huyu mwenye kito,
inampa farasi, inampa yule wa busu.
Na mimi, naungama, mzaha ule niliucheka.
Damu haikuonekana.
Sikuchora kijiti.

Asubuhi nilikuja misa ya saa moja, uliniona.
Juu ya benchi letu Laurenti yu makaani,
Bartolomayo kakunja ngozi yake mkononi kama koti la mvua,
na Kristo aliyechongwa na marehemu Hyacinthe
magoti yamechunika hadi mfupani.
Watoto wetu wanawatazama tangu ubatizo
na hakuna aliyewahi kuwauliza umri.
Usinielewe vibaya. Sisemi hofu ni sala.
Nasema ukutani pale
aliyewasha moto hakupewa farasi.

Mara ya pili nikaitazama na Placide, mchana, mapazia wazi.
Wafu walipoamka alijifunika zulia ninalolifuma,
kulabu ikiwa bado imo,
akabakiza jicho moja nje.
Kwenye kamba nikaisimamisha kanda.
Picha ikatetemeka, kisu hewani.
Barabarani mtu alikuwa akizoa theluji: kwaruu, kwaruu.
"Angeweza kumvuta," Placide akasema.
"Kamba ilikuwa nzima."
"Ilikuwa nzima," nikasema.
Hatukuongeza neno kwa muda mrefu.

Basi fomu hii hapa. Visanduku nimeviacha vitupu;
Askofu atanisamehe, ama atatafuta bibi mwingine.
Ukiionyesha Jumamosi ukumbini, niite,
nitakaa karibu na mashine.
Wafu waache waamke, watoto wapige mayowe hadi wachoke.
Dakika ya arobaini nitabonyeza.
Sitahubiri, hilo ni lako.
Nitangoja tu mmoja wao aulize,
na asipouliza yeyote
hapo, Padri, ndipo mimi nitakapoogopa.

Ni mimi, Zénobie Aucoin.

Nyongeza: jina la Mungu ni mara mbili.
Ya tatu lilikuwa dirisha.
Busu, hata mara ya pili, ni refu.